Pigo ya Pili

Siku ya kuniaga ku bureau, ofisi yetu ya kesi, bakubwa balisoma hotuba tatu, na zote tatu zilikuwa na uongo ndani. Balisema sikuchelewa ku kazi hata siku moja. Nilichelewa. Balisema sikugombana na mutu. Muulize mama wa kantini. Nilikaa pale na chupa yangu ya limonade, nikihesabu uongo kama nilivyozoea, kisha nikaona ninyi vijana munapiga makofi. Nikasema moyoni: hawa batoto bataandika maneno ya batu, na hakuna mutu amebaambia kitu. Donc, basi, nimekamata kalamu ya Bic. Mambo ya grade, ya kupanda cheo, nitaacha, haina utamu.

Kitu ya kwanza nilifundishwa ni kutosadiki. Nilianzia Beni, mbele ya vita, kijana wa Eringeti mwenye suruali moja ya kupiga pasi. Nilikuwa greffier, karani wa kuandika PV, ile karatasi ya maneno ya shahidi ambayo mwenyewe anaweka kidole chini yake. Aliyenipokea ni Muzee Siméon, muzee wa kanisa ya Baprotestanti, mwembamba, mwenye kukohoa kila mara akisikia uongo. Nilifikiri iko mugonjwa wa kifua. Hapana, ilikuwa kazi tu.

Siku ile ile ya kwanza balileta kesi ya mbuzi. Majirani batatu baliingia mumoja mumoja, na kila mumoja alisema: niliona kwa macho yangu, jua likiwa juu ya kichwa, jirani anavuta mbuzi kwa kamba nyekundu. Niliandika kwa furaha. Kesi imekamilika, niende kula. Muzee Siméon akasoma, akakohoa.

— Kakule, ulisha ona batu batatu banaona kamba moja, rangi moja, jua moja?

— Kama ni kweli, Muzee?

— Kweli haifananaka hivi. Mumoja ataona kamba, mwingine ataona mbuzi, mwingine alikuwa anajikuna. Bakisema neno moja, uulize nani alilipika.

Mbuzi alipatikana ku nyumba ya shahidi wa pili.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mashine ya kupiga, yenye herufi ya "r" iliyokwama kila mvua ikinyesha. Karatasi ya karboni, tuliitumia mupaka ukiinyanyua ku dirisha unasoma kesi tano za zamani. Tampon, muhuri ya serikali, na wino ya vidole ambayo haikutoka ku shati. Ninyi muko na ordinateur, kompyuta, ikikosea inasema yenyewe. Mashine yetu ilinyamaza, kama batu.

Lakini chombo kubwa ilikuwa jina. Munajua kwetu Banande jina linatoka ku hesabu ya tumbo: musichana wa kwanza ni Masika, kijana wa pili ni Kambale, na wengine vile vile. Kila nyumba iko na yake. Ita "Kambale!" mu soko ya Butembo, uone namna vichwa vinageuka. Kwa hiyo Muzee Siméon alisema jina peke yake si jina. Andika baba, andika mama, kijiji, kazi, kovu. "Bila kovu, hapana piga tampon," alisema. Mimi mwenyewe sikuwa na kovu mupaka wiki ya kwanza, mashine iliponibana kidole ya shahada ya kushoto. Muzee alifunga kile kidole na kitambaa, akasema sasa ningeweza kuandikwa.

Vita ikakuya, ikaenda, ikarudi na majina mengine. Balituhamisha Butembo, Muzee na mimi. Kila bakubwa wa bunduki bakibadilika, tulikata jina la serikali ku tampon kwa wembe, tukangojea lingine. Mu miaka ile mutu alikutazama mikono kwanza, uso kisha. Kama jirani alikusalimia kwa upole sana, ulilala na viatu. Mimi nilikuwa tayari. Vita ilikuta nimesha soma shule yake.

Sasa nifike ku kesi yenyewe. Munaniulizaka ile kesi ngumu kupita zote, na kila mara nawajibu kwa ile ya mbuzi. Leo hapana.

Ilikuwa saa sita ya mchana. Nilikuwa nimetoka bureau kununua avoka, maparachichi, ku soko, upande ule wa makarakana. Masika, mama kijana, alikuwa anauzisha bunga, unga wa muhogo, pembeni ya karakana ya pneu, matairi ya magari. Askari mumoja wa wale baliotawala wakati ule, bunduki mugongoni, akamwambia abebe mufuko wake mupaka kambini. Butembo nzima ilijua mwanamuke anayebeba mufuko mupaka kambini anarudi namna gani, kama anarudi. Masika alikataa. Alikataa kwa heshima, nilisikia:

— Hapana, Papa, munisamehe. Mutoto wangu angali ananyonya.

Askari akamushika shingo kwa mikono mbili, akamuangusha nyuma ya magunia, akamukalia.

Tulikuwa bengi. Kulikuwa bamama ba viazi, bachukuzi, bataximan juu ya pikipiki zao, na mimi na mufuko wangu wa avoka. Mumoja akasema: "Ashi, anamuua!" Mwingine akajibu: "Hapana ingia." Miguu ya Masika ilikuwa inapiga udongo, kisha ikaanza kupiga polepole. Yangu haikutoka pale iliposimama. Naandika hivi kwa haya.

Ndipo Kambale alitoka mu karakana yake. Kambale Yusufu, fundi wa pneu, Muislamu wa Beni, familia yao ni ya kusafirisha mizigo na magari. Mutu mwenye kucheka polepole, alinizibia baiskeli mara nyingi. Mukononi alishika levier, ile chuma ndefu ya kutoa pneu ku jante, chuma ya gurudumu. Alisema: "Muachilie." Askari hakugeuka. Akasema tena kwa Lingala: "Tika ye!" Askari hakugeuka.

Pigo ya kwanza ilifika ku bega. Nilisikia mufupa. Askari akaanguka pembeni, mikono ikatoka ku shingo ya Masika, na Masika akavuta pumzi kwa sauti ambayo ningali naisikia nikiwa natafuta usingizi. Kisha ikakuya pigo ya pili, ku kichwa, na ule mutu hakuamuka tena. Kati ya ya kwanza na ya pili kulikuwa nafasi ya kusema "Baba yetu uliye mbinguni", si zaidi. Kesi yote ilikaa mu ile nafasi.

Soko ikawa tupu kabla ya mutu kumeza mate. Nilirudi bureau, nikasukuma avoka chini ya meza, nikangojea baniite niandike.

Komanda wao alitupa siku tatu. Tumuletee mutu, ama ataingia soko mwenyewe na bunduki. Inspecteur wetu alikuwa mutu wa mbali, mwenye kuogopa kila kofia ya kijeshi, lakini sheria alijua. Akaita bashahidi. Kumi na mumoja balipita mbele ya mashine yangu, na kumi na mumoja balisema: pigo ilikuwa moja, mupigaji sikumujua, jua lilinipiga ku macho.

Jua! Siku ile mawingu yalifunika Butembo tangu asubuhi. Muzee Siméon alikohoa mupaka akaomba maji. Na karatasi ya muganga ilikuwa imesha fika: vidonda viwili, bega na kichwa. Nani alipika? Soko nzima. Walijua, sijui nani alibaambia, kwamba pigo moja inasameheka na mbili ni taabu.

Inspecteur akafungua kitabu yake ya sheria.

— Mutu iko na ruhusa ya kulinda mwenzake, mais, lakini, kama hatari iko pale pale, na njia ingine hakuna, na nguvu haipite kipimo. Pigo ya kwanza, mimi namusamehe. Ya pili hapana. Mutu alikuwa chini. Kuua mutu aliye chini ni kuua.

— Na bunduki yake, nayo ilikuwa chini? Muzee Siméon akauliza.

— Mugongoni.

— Na mukono wake ule muzima ulikuwa unaenda wapi?

Inspecteur akafungua tena zile PV kumi na moja, moja moja. Hakuna mutu aliyesema habari ya mukono. Muzee akanitazama. Mimi nikainama kubadilisha karboni, ijapokuwa ilikuwa mupya.

— Mu Biblia iko "Usiue," Muzee akasema. Iko pia Musamaria mwema. Lakini Musamaria alifika banyanganyi bamesha enda. Natakaka kujua, angefika mapema kidogo, angefanya nini na fimbo yake.

Mimi mule moyoni nilikuwa nimesha tafuta njia zingine zote. Kambale angepiga mukono wa pili. Angemukalia. Angeita batu. Mais batu gani? Tulikuwa pale tayari, alituona.

Siku ya pili Masika akakuya, shingo imefungwa kitambaa, mutoto mugongoni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Inspecteur akamuuliza pigo zilikuwa ngapi.

— Papa Inspecteur, mimi macho yangu yalikuwa yamesha jaa giza. Sikuhesabu. Mais na mi niulize. Munatafuta pigo ya pili siku mbili sasa. Mbona hamutafute hawa batu bengi ambao hawakupiga hata moja? Bengine bao beko karibu.

Alipokuwa anaweka kidole ku wino, akatazama chini ya meza yangu, pale avoka zilipoanza kunuka. Mimi niliandika: shahidi hakuhesabu. Maneno yake mengine sikuyapiga.

Alasiri ile akakuya muuzaji wa vitenge, mwenye duka inayotazama karakana. Alikuwa amesha sikia kwamba komanda atachoma duka. Akasema polepole:

— Ni Kambale.

Hapa, vijana wangu, musome taratibu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza: Kambale gani? Mutoto wa nani? Wa kazi gani? Alifungua kinywa aongeze mwenyewe, na mimi nikamusukumia wino. "Weka kidole, Papa, imetosha." Nikapiga "Kambale", nikapiga nukta. Nilijisifu, kweli kweli! Nilifikiri: Butembo imejaa bakambale, batamutafuta kama mbegu moja ya haragi mu gunia ya maharagi, na wakati bangali banatafuta, fundi atapanda gari ya Beni. Nikaona nimefanya kitu ile siku, mimi ambaye nilisimama. Nilifanya kwa vidole kile kilichoshinda miguu.

Muzee Siméon akasoma.

— Umesahau baba yake.

— Shahidi hakujua, Muzee.

Akanitazama. Hakukohoa. Akaipiga tampon, kwa sababu Inspecteur alikuwa amesimama mulangoni ananyoosha mukono.

Baaskari habakutafuta mbegu. Nani alibaambia batafute? Asubuhi yake walisimama ku njia ya kuingia soko banaomba kadi, na Kambale wa kwanza waliyemupata balimufunga kamba. Alikuwa mulimaji wa Luofu, amefika asubuhi ile ile na maharagi yake. Siku ya pigo alikuwa shambani kwake, mwendo wa siku nzima kwa lori. Lakini nani wa Butembo atamushuhudia mutu wa Luofu? Karatasi ilisema Kambale, na yeye alikuwa Kambale, mambo yamekwisha. Komanda akasema atapigwa risasi kesho, saa sita, pale pale ku soko.

Muke wake, aliyefika naye, alikuya kusimama ku mulango yetu, matope mupaka magotini.

— Bapapa, ku karatasi bameandika baba yake ni nani? Musome! Baba yake iko na jina! Muulize baba yake ni nani!

Nilimusikia Muzee anavuta kiti yake. Mimi nilitoka kwa mulango ya nyuma.

Nilifikiri nitakuta karakana imefungwa. Hapana. Kambale Yusufu alikuwa amekaa ku jante, anatoa pneu ya lori, levier ile ile mukononi, amesha iosha. Nilishuku mara moja. Mutu asiyekimbia anangojea nini?

— Ungali hapa unafanya nini? Panda gari ya kwanza!

— Gari ya bandugu yangu zilipita mbili, sikupanda. Ningekimbia, bangekamata mukubwa wangu, ao mama. Basoda, hawa baaskari, habarudi mikono tupu, Papa Kakule, unabajua. Na sasa nasikia bamekamata mutu. Nani?

Nikamwambia. Mulimaji, Luofu, maharagi, muke mwenye matope.

— Nani aliandika Kambale bila baba?

— Mimi. Nilitaka kukuficha.

Akaweka levier chini.

— Ulinificha nyuma ya mutu.

Akapangusa mikono ku kitambaa, kidole kwa kidole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, namna mutu anauliza muganga:

— Papa Kakule, ulikuwa pale. Nilikuona na mufuko yako. Uniambie kitu moja tu. Alipoanguka, mukono yake ilienda ku bunduki, ao ni mimi nilitaka iende? Ju kila nikisali naona vingine. Asubuhi naona mukono inaenda. Mangaribi naona imelala chini, na mimi napiga kwa hasira tu. Kama ilienda, sawa. Kama haikuenda, sawa, nitabeba. Mais nijue ni nini nabeba. Wewe ni mutu wa kuandika, wewe unaonaka vitu. Sema.

Ningesema "ilienda". Neno moja! Angelala nalo, labda angekufa nalo, na hakuna mutu duniani angekohoa. Miaka yote nilisikiliza uongo wa bengine, na ule mumoja ulioombwa ku kinywa changu kwa huruma, ukanikwama. Nikamwambia kile kilichokuwa. Alipopiga ya kwanza, niligeuka. Nilitazama barabara, kama basoda bengine banakuya, na njia gani nitakimbilia. Ya pili niliisikia tu kwa masikio. Nilipotazama tena ilikuwa imekwisha.

Akacheka, ile cheko yake ya polepole, haikuwa na furaha.

— Batu bengi vile, na jicho hata moja hapana.

Akafunga karakana, akampa jirani ufunguo, tukatembea pamoja mupaka bureau. Njiani alisalimia batu. Alikaa mbele ya mashine yangu, akasema: "Sasa andika muzuri." Na niliandika: Kambale Yusufu, mutoto wa Hamisi na Kavira, muzaliwa wa Beni, fundi wa pneu, kovu ya moto ku kiganja ya kuume. Pigo ngapi? Mbili. Ya kwanza kwa nini? Alikuwa anamuua mama. Ya pili kwa nini? Mvua ikaanza ku mabati.

— Andika: sijue.

"R" ilikwama mara mbili mu ile karatasi na sikuona. Muzee Siméon akapiga tampon kwa mikono mbili.

Mulimaji wa Luofu aliachiliwa mangaribi haijafika. Muke wake alimuvuta kwa mukono, habakugeuka, maharagi balibakisha. Kambale walimupeleka kambini. Inspecteur aliandika barua ndefu ya kuomba ahukumiwe mbele ya majaji kwa sheria. Ile barua nilipiga mwenyewe, bila kosa hata moja. Haikujibiwa. Balisema alihamishwa. Mimi ni greffier, nikauliza: nani aliona anahamishwa? Hakuna. Masika, miaka na miaka, alikuwa anatuma bunga Beni kwa mama ya Kambale, na akinipita ku njia alinisalimia vizuri. Ile salamu yake sikuizoea mupaka leo.

Nyinyi mutaniuliza: mutu mwenye kupita njia, iko na haki ya kuua ili aponyeshe mutu? Nimesikia bapasta, majaji, balevi banaijibu. Anayejibu haraka "ndiyo", namutazama mikono. Anayejibu haraka "hapana", namutazama zaidi, kwa sababu mimi pia sikupiga mutu siku ile, na angalia nilivyokuwa safi. Pigo ya kwanza nasimamia mbele ya mutu yeyote. Ya pili ningeweza kuihukumu, ningekuwa na macho. Kama hamuwezi kupiga, basi muangalie. Muangalie mupaka mwisho, mupige kelele, museme jina lenu. Mimi hata ile sikufanya.

Jioni ya siku ile Kambale alijileta, Muzee Siméon alivaa koti yake, akachagua karatasi mupya na karboni mupya, ile tulikuwa tunafichia kesi kubwa, akaziingiza mu mashine yangu. "Hii PV ya Kambale haina shahidi," akasema, akaenda nyumbani. Niliitoa ile karatasi, tupu, nikaiweka mu begi. Muzee alikufa bila kuniuliza. Imenifuata mu nyumba tano, imekuwa ya manjano, panya alikula kona. Ni hii ninayoandikia sasa ukurasa wa mwisho. Muiingize mu dossier, ile faili ya Kambale, pale inapokosekana.

Shahidi: Kakule, mutoto wa Paluku na Katungu, muzaliwa wa Eringeti, kazi greffier, kovu ku kidole ya shahada ya kushoto. Anasema: Nilikuwa pale. Nilikuwa hatua sita. Pigo zilikuwa mbili. Habari ya mukono wa askari sijue, kwa sababu niligeuka.